Je, mpopla wa Mto Tana ni mti wa asili ya Kenya?

Swali
Ndugu zangu, nilipokuwa ukingoni mwa Mto Tana, juu kidogo ya Garsen, mzee mmoja wa Kipokomo alinionyesha mti mrefu, akanieleza kwamba babu zake walichonga mitumbwi kwa magogo yake. Majani ya machipukizi yalikuwa membamba na marefu, ilhali yale ya matawi ya juu yalikuwa mapana, magumu, yenye meno pembeni, hata nikadhani ni miti miwili. Baadaye niliambiwa kuwa ni mpopla. Shuleni nilifundishwa kuwa mipopla ni miti ya Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini. Je, huu uliletwa na wakoloni?

Jibu la kwanza
Haukuletwa na mtu. Ni wetu, na kwa asili haupatikani nje ya Kenya. Jina lake la kitaalamu ni Populus ilicifolia, nao huota kandokando ya mito mitatu: Tana, Ewaso Ng'iro na Athi, ambao huku chini huitwa Galana, kisha Sabaki. Hakuna mpopla mwingine wa asili uliofika kusini kiasi hiki. Ndugu yake wa karibu, Populus euphratica, ameenea kutoka Afrika Kaskazini hadi magharibi mwa Uchina, naye pia ana majani ya maumbo mbalimbali katika mti mmoja.

Jibu la pili
Naongezea jambo linalonisikitisha. Mbegu zake ni ndogo mno, zimevikwa nyuzi nyeupe mfano wa sufi, na uhai wake ni mfupi. Zisipoangukia upesi kwenye mchanga mbichi ulioachwa na mafuriko, hazioti. Tangu yajengwe mabwawa ya juu ya mto, hasa Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988, mafuriko makubwa yamepungua, kwa hiyo mafungu mapya ya mchanga yamekuwa haba. Ukiongeza mashamba yanayofyekwa hadi ukingoni, utaona kwa nini mti huu umo hatarini. Ukipita tena huko, ndugu muulizaji, tafadhali tazama kama kuna miche, maana magogo makubwa peke yake hayathibitishi kwamba msitu unazaliana.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Nikikumbuka vizuri, niliona machipukizi shinani tu. Kwenye mchanga sikuona mche hata mmoja.

Jibu la tatu
Wanaotaka kuuotesha watumie vipandikizi, ila wavichukue kwenye miti mingi, kwa kuwa mti dume na mti jike ni mbalimbali, na vipandikizi vya mti mmoja vyote vitakuwa vya jinsi moja.