Re: Sakafu inabonyea chini ya zulia

Wapendwa, habari za huko mliko?

Chumbani kwetu, karibu na mlango wa bafu, zulia linabonyea ukikanyaga. Doa hakuna, harufu hakuna. Mume wangu anataka kupigilia ubao juu ya ile sehemu kisha alirudishe zulia, yaishe. Mimi roho yangu haijatulia. Nyumba ni yetu, ya mbao, na chini ya sakafu kuna uwazi ambao mtu anaingia kwa kutambaa. Mwenye ujuzi atusaidie, tuanzie wapi?

* * *

Dada, pole. Shemeji mwambie aweke nyundo chini kwanza. Ubao mpya juu ya ubao mbovu utawapa kilima cha kujikwalia, na ubovu utaendelea kimyakimya.

Wengi wetu tumekulia juu ya saruji, kwa hiyo tunadhani sakafu ni kitu kimoja. Ya mbao ina tabaka. Chini kabisa kuna boriti, zimepangwa kwa nafasi ya sm 40 hadi 60 hivi. Juu yake mbao za sakafu, mara nyingi plaiwudi au chipbodi (ubao wa vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi). Halafu sponji, halafu zulia. Ugonjwa wenu uko kwenye ubao au kwenye boriti, na dawa zake hazifanani. Kama ni kisehemu kidogo kinachocheza ukikikanyaga, shuku ubao. Kama eneo pana limezama hata pasipo mtu kusimama hapo, na mlango wa karibu umeanza kugoma kufunga, shuku boriti. Vuta uzi kutoka ukuta hadi ukuta, utaona palipozama.

Kwa kuwa mna uwazi huko chini, ingieni kabla ya kugusa zulia. Tochi, barakoa, glavu na bisibisi vinatosha. Choma mbao kwa ncha ya bisibisi: nzima hugoma, iliyooza humeza ncha kama mkate uliolowa. Kwamba juu hakuna doa si ushahidi wa chochote, maana maji hushuka, na zulia linaficha mengi. Kagueni kila bomba linalotoka bafuni. Halafu tazameni kama kuna fundi bomba aliyechonga boriti apitishe bomba lake. Boriti ikichongwa upande wa chini, katikati ya urefu wake, inapoteza nguvu vibaya, kwa sababu mzigo ukikaa juu ni upande wa chini unaovutwa. Nimeziona nyingi za hivyo, na aliyechonga huwa ameshaondoka zamani.

Mkikuta maji, zuieni maji kwanza, kisha acheni mbao zikauke. Kuna kipima unyevu kidogo cha mkononi. Kikisoma zaidi ya asilimia 20, kuvu wa kuozesha mbao wanaweza kustawi hapo, kwa hiyo msifunike.

Zulia msilikate katikati. Anzeni konani: shika nyuzi kwa koleo, vuta taratibu. Pembeni limeshikwa na vibao vyembamba vyenye misumari inayochomoza juu, kwa hiyo hakuna kutembea peku. Likunjeni mbali, mtoe sponji. Ikiwa imelowa maji ya chooni, itupwe.

Kama ubao ni mzima ila umelegea, skrubu chache za kuufunga kwenye boriti zinamaliza kazi. Ukiwa umeoza, zimeni umeme wa eneo hilo, kisha mpime msumeno ukate unene wa ubao tu, maana nyaya na mabomba hupita hapo chini. Kateni hadi katikati ya mgongo wa boriti kila upande, ili ubao wa zamani na mpya wote wapate pa kulala. Kingo zisizoangukia boriti ziwekewe vipande vya mbao vya kuzibeba. Ubao mpya uwe na unene uleule, la sivyo mguu utausikia hata kupitia zulia. Acheni mwanya wa mm 3 kati ya mbao, pakeni gundi ya ujenzi juu ya boriti, kisha skrubu kila sm 15 kingoni na sm 30 katikati. Misumari mitupu hulegea, ndiyo ile milio ya usiku.

* * *

Niongezee kwa wanaopanga: msifumue chochote. Mwandikieni mwenye nyumba, ambatanisheni picha zenye tarehe, na mbaki na nakala. Maneno ya simu huyeyuka.

Wenye nyumba nao wapige picha kabla ya kufumua. Bima nyingi hulipa bomba lililopasuka ghafla lakini hukataa maji yaliyovuja polepole. Na kwenye nyumba ya zamani, ukikuta vigae au gundi nyeusi chini ya zulia, usikwangue wala kukata. Vinaweza kuwa na asbesto, zile nyuzi za madini ambazo vumbi lake hudhuru mapafu, kwa hiyo vipimwe kwanza.

* * *

Asanteni sana. Mume wangu ameingia chini. Ubao umelowa kuzunguka bomba la choo, na boriti moja ina ufa mrefu. Anauliza kama anaweza kuiinua kwa jeki ya gari.

* * *

Jeki ya gari hapana, dada, na asilale chini ya boriti hiyo. Boriti yenye ufa huungwa pacha: nyingine ya kina kilekile inalazwa ubavuni mwake, inavuka ufa mbali pande zote mbili, inakazwa kwa gundi na bolti. Iliyozama huinuliwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Ukiharakisha, kuta za juu zinapasuka. Hiyo mpeni seremala wa nyumba, na mwulizeni kama kazi inahitaji kibali, maana sehemu nyingi boriti haziguswi bila kibali.

Choo kinyanyuliwe, ibadilishwe pete ya kuzibia iliyo chini yake. Ni kitu kidogo na mara nyingi ndicho chanzo.

Shemeji abaki na ubao, hapo ataweza. Zulia mwite fundi wa mazulia alivute, kwani likirudi limelegea litajikunja mawimbi. Ila asije kabla hamjavuta maji ya choo mara nyingi na mtu yuko chini na tochi, aone pakavu.