Askari akigongwa akiwa ofu, nani wa kumsemea?

MamaKepha
Habari zenu wadau. Mume wangu ni konstebo, tuko Nakuru. Mwezi wa tatu alikuwa ofu, akapanda boda aende kununua unga, gari aina ya Probox ikachomoka kwa barabara ya vumbi ikawagonga, mguu wa kulia ukavunjika mahali pawili na sasa una chuma ndani. Kila Jumapili jioni anatoa buti chini ya kitanda anazipaka rangi na kuzivaa bado hawezi, mimi nikiona hivyo natoka nje. Kazini kuuliza fidia akaambiwa ulikuwa kwa shughuli zako. Dada yangu ni mwalimu, akipata shida anaenda ofisi ya chama chao, KNUT, anapewa mtu wa kuingia naye kwa bosi. Huyu wangu aende wapi? Polisi hawana chama?

AfandeMstaafu
Pole sana mama. Chama hawana. Katiba ya 2010 kifungu cha 24(5) iliruhusu sheria iwabane polisi kwa haki za kazi, na ile Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inawaacha nje kabisa. Lakini WIBA, ile sheria ya fidia ya kuumia kazini, haijawatoa, iliyotolewa ni jeshi, shida ni kwamba WIBA inataka uumie ukiwa kazini. Angekuwa kwa gari la kazi akipelekwa dyuti ingehesabika. Kwenda dukani haihesabiki, hapo hawajakudanganya. Ila kuumia na kupoteza kazi ni vitu viwili, asikubali kusainishwa karatasi yoyote ya kustaafu kwa ugonjwa kabla ya bodi ya madaktari kumwona. Barua za sick off zipelekwe kwa OCS, mkuu wa kituo, na kopi igongwe muhuri, ubaki nayo. Nimeona vijana wakiitwa watoro kwa sababu ya barua iliyopotea kwa droo ya mtu.

KaraniWaKesi
Dada, mbona nyote mnaangalia serikali na Probox iko? Yeye alikuwa abiria, bima ya gari iliyowagonga ndiyo ya kulipa, ni sheria ya bima ya magari, Cap 405, mwisho ni milioni 3 kwa mtu mmoja. Kuwa polisi hakumpunguzii kitu hapo. Tafuta abstrakti (ripoti ya polisi ya ajali), namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), P3 (fomu ya daktari ya majeraha), risiti zote hata za teksi ya kwenda kliniki. Una miaka 3 tangu siku ya ajali, lakini usingoje, mashahidi huhama. Na mtu wa bima akija nyumbani na pesa kidogo za haraka msisaini!!

Odhis_K
Mimi bado inaniuma hii ya chama. South Africa polisi wana chama, POPCRU, tangu 1989 na nchi haijaanguka. Mkataba namba 87 wa ILO, shirika la kazi duniani, unaachia kila nchi iamue kuhusu polisi, kwa hivyo sisi ndio tuliamua hivi, na tunaweza kuamua vingine. Mtu analinda maandamano ya walimu akiwa na rungu na yeye mwenyewe hana hata wa kumwandikia barua.

MamaKepha
Asanteni sana, Mungu awabariki. Abstrakti tunayo. Nimetoa zile karatasi zote kwa bahasha ya eksirei usiku huu, kumbe ripoti ya hospitali wameandika mguu wa kushoto. Kesho saa mbili niko mlangoni kwao warekebishe.