Je, Hume ndiye aliyeasisi utaifa wa Wahindi?

Swali
Ndugu zangu, kila ninaposoma habari za kuundwa kwa Congress, chama cha kisiasa cha Wahindi, mjini Bombay, Desemba 1885, nalikuta jina la Allan Octavian Hume, Mwingereza mstaafu wa utumishi wa serikali ya kikoloni. Inakuwaje mkoloni aasisi chama cha kumdai mkoloni?

Jibu la 1
Hume alikuta kuni zimekwisha kushika moto. Tangu 1876 Surendranath Banerjea na wenzake walikuwa na chama chao mjini Calcutta, wakilalamikia hasa kushushwa kwa umri wa juu wa watahiniwa wa utumishi wa serikali kutoka miaka 21 hadi 19, ilhali mtihani wenyewe ulifanyika London. Mwaka 1878 Lytton, gavana mkuu wa Uingereza huko India, akaleta sheria ya kuyabana magazeti ya lugha za wenyeji tu. Gazeti la Amrita Bazar Patrika, lililotoka kwa Kibengali na Kiingereza, likaikwepa kwa kugeuka la Kiingereza kitupu, ujanja ambao binafsi naupenda kuliko hotuba zote za wakati ule. Kisha 1883 ukaja muswada wa Ilbert, uliotaka mahakimu wa Kihindi waweze kuwahukumu Wazungu hata nje ya miji mikuu. Wazungu wakapiga kelele hadi serikali ikaulegeza, na Wahindi wakaona wazi kwamba serikali ile huwasikia waliojipanga.

Jibu la 2
Nakubali, ila tusisahau kwamba Gokhale mwenyewe, mmoja wa viongozi wa Congress, alisema baadaye kuwa Mhindi asingeweza kukianzisha chama kile, kwa sababu wakuu wangekizima mara moja. Hume, basi, alikuwa ngao. Wajumbe 72 wa mkutano ule, wengi wao wanasheria na waandishi, walitangaza utii kwa Malkia, na mkulima hakuwamo.

Muulizaji
Asanteni. Utii huo ulikuwa wa dhati au wa mdomoni?

Jibu la 3
Kwa maoni yangu, ulikuwa wa dhati kwa wengi. Dadabhai Naoroji, mmoja wa waasisi wa Congress, alithibitisha kwa hesabu kwamba utajiri wa India ulikuwa ukifyonzwa kwenda Uingereza, lakini bado aliamini kuwa Waingereza wakielezwa watajirekebisha, hata akagombea na kuingia Bunge la London mwaka 1892. Imani hiyo ilitikiswa sana gavana mkuu Curzon alipoligawa jimbo la Bengali mwaka 1905. Banerjea yule yule wa kuiandikia serikali maombi akawa miongoni mwa viongozi wa kususia nguo za Uingereza.