Ulinganisho: vitabu vya picha vya kumzoesha mtoto upole kwa wadudu, ndege na miti (mwaka 1 hadi 6)

Mkutubi_Rafu:
Salaam wadau. Swali la kitabu kipi kimfae mtoto mdogo ili awe mpole kwa viumbe limekuwa likiulizwa vipande vipande, basi tulilinganishe hapa kwa pamoja. Vitabu vingi huangukia katika makundi manne: hadithi za wanyama wanaosema na kuvaa nguo, vitabu vya picha halisi za kamera, vitabu visivyo na maneno, na vile vya kufunua vifuniko au kuvuta karatasi.

Kipimo changu ni kimoja. Kitabu kikifungwa, mtoto amebaki na jambo la kufanya kwa mikono yake, au la kujizuia kulifanya? Kitabu kinachohubiri "tupende mazingira" mwanzo hadi mwisho hakimpi chochote, kwa sababu mtoto wa miaka mitatu hajui mazingira ni kitu gani. Konokono anamjua. Mwonyeshe kidole kimoja kikigusa gamba la konokono taratibu, pembe zake zikirudi ndani, kisha ukurasa unaofuata mtoto anasubiri mpaka zitoke tena. Hilo ataliiga.

Kwa umri: kabla ya miaka miwili, kadi nene yenye pembe za mviringo, kiumbe mmoja kwa kila ukurasa, sentensi moja fupi. Miaka 3 na 4, maneno 200 hadi 400 kitabu kizima. Miaka 5 na 6 anaweza kumaliza kurasa 32 zenye maneno 500 hivi, mradi kila ukurasa una tukio jipya.

Kundi la vifuniko naliweka nyuma. Utafiti wa Medha Tare na wenzake wa mwaka 2010 uligundua kwamba vitu vya kuvuta na kufunua huwapunguzia watoto wadogo kile wanachojifunza kutoka kitabuni. Mkono unashughulika na karatasi, habari inapita pembeni. Tena vifuniko huchanika upesi.

Wadudu_Kwanza:
Mkutubi, kabla ya kuangalia aina ya kitabu, mkague mchoraji. Makosa ni yaleyale kila mara: nyuki mwenye miguu minne, buibui mwenye miguu sita (anayo minane, wala si mdudu), kipepeo anayetoka kwenye kifuko cha nyuzi. Nyuzi ni za nondo. Kipepeo karibu kila mara hutoka kwenye ganda gumu lisilofunikwa kwa hariri. Kosa jingine linakera zaidi: konokono anayevua gamba lake na kumkopesha rafiki. Gamba limeshikamana na mwili wake na hukua naye. Mtoto aliyelisoma hilo atajaribu kulivua.

Hatari kubwa iko kwenye hadithi za "kuokoa". Kinda yuko chini, mtoto anamchukua nyumbani, anamtia kwenye boksi, anamlisha mkate, wote wanafurahi. Kinda mwenye manyoya ambaye tayari anarukaruka mara nyingi hajapotea. Yumo katika siku za kujifunza kuruka, na wazazi wake wako karibu wanamletea chakula. Kumwondoa ndiko kunakomdhuru. Kitabu kizuri kinamfanya mtoto arudi nyuma hatua kadhaa, amzuie paka, na atazame. Kinda asiye na manyoya aliyeanguka hurudishwa kiotani kama kiota kinafikika. Ile imani kwamba mama ndege atamkataa kwa harufu ya mkono wa mtu haina ukweli, na kitabu kinachoirudia kiacheni rafuni.

Mengine ya kukagua: nyungunyungu anawekwa kwenye udongo wenye unyevu na kivuli? Anapumua kwa ngozi, na ngozi ikikauka anakufa. Jiwe au gogo lililoinuliwa linarudishwa polepole jinsi lilivyokuwa? Chura anashikwa kwa mikono iliyoloweshwa kwa maji matupu yasiyo na sabuni? Kipepeo anaachwa bila kushikwa mabawa? Yale mavumbi yanayobaki kidoleni ni magamba ya mabawa, na hayaoti tena.

Mwl_Chekechea:
Mdau wa wadudu nakuunga mkono kwenye makosa, ila naona hadithi za wanyama wanaosema zinahukumiwa haraka mno. Mtoto wa miaka minne hushika hisia kupitia mhusika. Sungura akilia kwa sababu shimo lake limefukiwa, darasa zima linanyamaza. Picha ya kamera ya sungura haileti hivyo.

Mkutubi_Rafu:
Mwalimu, hisia zipo, kinachosumbua ni mahali zinapoishia. Mtafiti Patricia Ganea na wenzake mwaka 2014 waliwasomea watoto wa miaka 3 hadi 5 vitabu kuhusu wanyama wasiowajua. Waliosomewa kwa lugha ya kumfanya mnyama awe kama mtu walielekea zaidi kuwapa wanyama halisi tabia za kibinadamu. Mwaka 2018, Nicole Larsen, Kang Lee na Ganea walisoma na watoto wa miaka 4 hadi 6 hadithi ileile ya kugawana, kwa baadhi ikiwa na watu, kwa wengine ikiwa na wanyama waliovaa kama watu. Waliosomewa ya watu ndio waliogawa zaidi baadaye. Ndiyo maana nachagua hadithi ambayo mtoto ni mtu na mnyama anabaki mnyama: hasemi, hacheki, ila mwili wake unaonyesha anaogopa au ametulia.

Mwl_Chekechea:
Hapo sawa, na kwa kuongoza upole wa mikono nakubali. Bado ningebakisha kimoja au viwili vya wanyama wanaosema kwa ajili ya kuzungumzia hisia, mradi msomaji aongeze swali: "Sungura wa kweli akiogopa anafanyaje?" Jibu ni kwamba anaganda kimya au anakimbia, na mara nyingi anagonga ardhi kwa mguu wa nyuma.

Vitabu visivyo na maneno havijasemwa, na kwangu hivyo ndivyo bora kwa miaka 3 hadi 5, ila vinamtaka mtu mzima anayejua kuvitumia. Kosa la kawaida ni kufungua ukurasa na kuanza kusimulia mwenyewe. Nyamaza kwanza, hesabu moyoni hadi kumi. Kisha uliza "Unaona nini?", rudia alichosema kwa kuongeza neno moja au mawili (akisema "mdudu", sema "ndiyo, mdudu amekaa chini ya jani"), halafu mwache arudie. Ukurasa mmoja ukichukua dakika tano, usiharakishe.

Na vitabu vya misitu inayoungua na nyangumi wenye plastiki tumboni, jamani, si vya umri huu. David Sobel, mwalimu wa elimu ya mazingira wa Marekani, aliandika mwaka 1996 kwamba majanga ya mazingira yasubiri mpaka mtoto akaribie darasa la nne, kwa sababu mdogo anayepewa hofu kabla ya mapenzi hujitenga na hao viumbe.

Jalada_na_Uzi:
Kwa upande wa utengenezaji. Chini ya miaka mitatu epukeni vilivyofungwa kwa pini: mgongo ukilegea pini hutoka na kuishia mdomoni.

Kama hampati kitabu chenye viumbe ambao mtoto anawaona kweli mlangoni kwake, tengenezeni cha kumsomea mkiwa pamoja. Karatasi nne za A4, kila moja ikunjwe mara moja katikati na kuingizwa ndani ya nyingine, zinatoa kurasa 16. Karatasi ya gramu 120 hadi 160 kwa mita ya mraba inatosha. Nzito zaidi hupasuka kwenye mkunjo. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati, mengine sentimita 3 kutoka kila ncha. Uzi wa sentimita 50 uanze ndani, utoke tundu la kati, uingie la juu, upite ndani moja kwa moja hadi la chini, utoke, urudi kwa la kati. Ncha mbili zikae pande mbili za ule uzi mrefu ndipo mfunge fundo juu yake. Fundo lisipoushika, mshono wote unalegea.

Kila picha iwe na kidole au jani pembeni. Chungu aliyejaza ukurasa mzima bila kitu cha kumlinganisha humfanya mtoto adhani ni mkubwa hivyo.

Wadudu_Kwanza:
Kwenye kitabu hicho cha nyumbani, pigeni picha kiumbe alipo, msimweke kwenye sahani wala chupa. Mtoto anayemwona nyungunyungu juu ya sahani kitabuni atakwenda kutafuta sahani. Na ukurasa wa nyuki upigwe kwa mbali, nyuki akiwa juu ya ua, mikono ya mtoto ikionekana nyuma mgongoni.

Mwl_Chekechea:
Mikono nyuma, naichukua hiyo. Kwa nyuki ndiyo ishara inayoeleweka hata na mtoto wa miaka miwili.