Tupeane uzoefu: ulishawahi kuugua au kuuguza ukiwa na tiketi ya ndege mkononi?

Msafiri wa Dirishani
Wakuu, salaam. Leo nilikuwa napanga droo nikakutana na kile kimkanda cha plastiki wanachomfunga mzazi anayelala na mtoto wodini. Kina jina la mwanangu na tarehe. Damu ikanichemka upya.

Ilikuwa safari ya familia, watu wanne, tiketi zile za bei ya chini zisizorudishwa hela. Usiku wa kuamkia safari kijana akaanza kulalamika tumbo, upande wa kulia chini. Saa nane usiku tupo hospitali, saa kumi na mbili asubuhi yuko chumba cha upasuaji: kidole tumbo. Ndege inaruka saa nne. Nikamwacha mama yake pale, nikakimbilia uwanjani, kimkanda mkononi, shati nimevaa kinyume.

Mhudumu wa kaunta akabofya bofya kompyuta, akaniambia kila abiria atalipa faini ya kubadili tarehe, na juu yake tofauti ya nauli. Zidisha mara nne. Ilipita bei tuliyokatia tiketi zenyewe! Nikamwonesha mkono. Akauangalia, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Kwani aliyelazwa si mmoja? Nyie watatu si mnaweza kwenda?"

Nikaomba msimamizi. Msimamizi akaja, akabofya na yeye, akasema mfumo haukubali.

Haya, leteni ya kwenu.

Kizibo
"Mfumo haukubali." Hayo maneno nikiyasikia hata leo tumbo linanguruma.

Mama Pacha
Mimi nilikuwa na mimba ya mapacha. Kampuni nyingi mimba ya mtoto mmoja mwisho wiki ya 36, mapacha mwisho wiki ya 32. Nilienda nikiwa na wiki ya 29, kurudi ikaangukia ya 33. Nikapiga simu niwahishe kurudi. Wakasema kuwahisha ni hiari yangu, hivyo nalipa faini. Nikawauliza, nikija tarehe ile ile mtanipandisha? Wakasema hapana. Sasa hiari iko wapi hapo?

Mzee wa Pozi
Kwa hiyo ulifanyaje?

Mama Pacha
Nililipa, kaka. Ningezalia uwanja wa ndege?

Yupo Kaunta
Nimekaa kaunta miaka kumi na moja, naomba niseme bila kutukanwa. Yule mnayemwona mbele yenu hana mamlaka ya kufuta hata senti moja. Masharti yamefungwa ndani ya tiketi tangu siku ya kuikata, na msamaha wa faini hutolewa na msimamizi au ofisi ya juu. Pia mnajua ni watu wangapi huleta barua za daktari za kughushi? Nimewahi kupokea barua tatu za abiria watatu tofauti, magonjwa matatu, mwandiko mmoja, na kosa lile lile la herufi kwenye neno "hospitali". Ukimwonea huruma kila mtu, kesho unaitwa ofisini kujieleza.

Kizibo
Mkuu, huyo mtoto wa kidole tumbo naye alighushi? Kovu analo tumboni.

Yupo Kaunta
Sijasema hivyo. Soma tena nilichoandika.

Kizibo
Nimesoma. Nyie mnajificha nyuma ya kompyuta kama mbuzi nyuma ya mgomba, mkia unaonekana.

Nesi wa Zamu
Mnagombana mmesahau jambo moja. Hewa ndani ya ndege ikiwa juu huwa kama ya mtu aliyesimama kwenye mlima wa mita 2,400 hivi, na gesi iliyo mwilini hutanuka. Aliyetoka kupasuliwa tumbo hatakiwi kupanda mpaka siku kadhaa zipite. Hata mguu ukifungwa plasta mpya, kampuni nyingi zinataka saa 24 kwa safari fupi na 48 kwa ndefu, maana mguu huvimba ndani ya plasta. Yaani wenyewe wasingempandisha yule kijana, na wenyewe wanamtoza kwa kutopanda.

Mzee wa Pozi
Aisee, Nesi umewamaliza.

Kimya Kingi
Huwa nasoma tu, si mwandishi. Ila hilo la "nyie watatu si mnaweza kwenda" limenigusa pabaya.

Nilimpeleka mke wangu nje kwa matibabu ya moyo. Tiketi mbili, kwenda na kurudi, bukingi moja. Wiki mbili zilipoisha daktari akasema tuongeze moja. Nikalipa faini ya watu wawili na tofauti ya nauli ya watu wawili. Sikulalamika. Mgonjwa alikuwa anakula, anacheka, ananikosoa ninavyokunja nguo.

Wiki hiyo ikikaribia kuisha daktari akasema bado. Nikaomba kusogeza tena, na safari hii nikaomba wanionee huruma kwenye faini. Wakataka barua ya daktari. Nikatuma. Wakajibu haina muhuri. Nikatuma yenye muhuri. Wakajibu picha haisomeki. Huku mgonjwa kahamishiwa chumba cha mahututi. Barua ile niliipiga picha ya tatu sakafuni kwenye korido, nimepiga magoti, kwa sababu ndipo palipokuwa na mwanga.

Alifariki Jumatano alfajiri. Saa tatu asubuhi hiyo hiyo simu ikalia mlio wa ujumbe, nikadhani ni watoto. Ilikuwa kampuni ya ndege. Wameandika "Mpendwa", yakafuata majina yake yote matatu, wanamkumbusha kuwa safari yake ni kesho na sasa anaweza kuchagua kiti.

Nikapiga simu. Dakika arobaini za muziki. Akapokea binti. Nikamwambia nataka kusogeza tarehe yangu ili nisafiri na mwili. Nadhani hakulisikia vizuri hilo neno la mwisho, kwa sababu aliniuliza, "Naona mko abiria wawili. Huyu wa pili naye tumsogeze tarehe hiyo hiyo?" Nikamjibu wa pili anakuja kwenye mizigo. Sijui kwa nini nilisema vile. Mpaka leo sijui.

Yule binti alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akasema, "Baba, pole. Usikate simu." Aliporudi alikuwa ameshapata ruhusa. Akatenganisha bukingi yangu na ya marehemu, akanisogezea tarehe, hakunitoza kitu. Akasema, "Nimeandika kwenye kumbukumbu za bukingi yako, lakini baba naomba uandike jina langu na saa hizi. Usipoandika watakusumbua." Nikaandika kwenye bahasha ya vipimo vya mke wangu, ndiyo karatasi iliyokuwa karibu.

Na kweli. Kaunta siku ya safari, kijana mwingine: "Mzee, hapa kuna faini haijalipwa." Nikamwekea ile bahasha mezani. Akaisoma, akamwita mwenzake, wakaisoma wote wawili, wakanipa pasi ya kupandia.

Bahasha ninayo hadi leo.

Mama Pacha
Jamani. Pole sana baba yetu. Mungu ampumzishe.

Msafiri wa Dirishani
Mzee, pole mno. Mimi na kimkanda changu ngoja nikae kimya.

Kizibo
Pole sana mzee. Yupo Kaunta, umesoma?

Yupo Kaunta
Nimesoma. Na yule binti hakutumwa na kanuni, aliamua. Wapo wa hivyo wengi ila hamuwaandiki.

Fulana Nyekundu
Samahani mzee, sina nia mbaya, ila tiketi ya marehemu si huwa wanarudisha hela? Hapo hujagusa.

Mzee wa Pozi
Wewe Fulana hata msibani unauliza wali umeisha?

Kimya Kingi
Mwacheni aulize. Walirudisha sehemu yake ya kurudi, baada ya miezi mitano. Cheti cha kifo nilikituma mara tatu.

Bingwa wa Kanuni
Watu wengi hawajui haki zao. Ulaya kuna Kanuni namba 261 ya mwaka 2004, unalipwa mpaka yuro 600. Ukiugua unawadai tu.

Yupo Kaunta
Hapana, mkuu, unapotosha. Hiyo 261 ni pale kampuni inapofuta safari, inapochelewesha sana au inapokukatalia kupanda bila sababu ya msingi. Abiria akiugua mwenyewe haimhusu. Watu watakuja kaunta na hilo kesho asubuhi, nitawaelekeza kwako.

Bingwa wa Kanuni
Sawa, nimekubali. Ila Marekani 2024 walitoa kanuni kwamba daktari akikushauri usisafiri kwa sababu ya ugonjwa mkali wa kuambukiza, kampuni ikupe vocha ya kudumu angalau miaka 5. Hiyo nina uhakika nayo.

Kizibo
Kwa hiyo nichague ugonjwa kwa makini. Kidole tumbo hakilipi, surua inalipa.

Jirani Mwema
Mwaka 2012 huko huko Marekani kuna askari mstaafu wa vita vya Vietnam, ana saratani, daktari kamwambia asipande ndege. Kampuni ikagoma kumrudishia nauli. Watu wakachachamaa mpaka mkuu wa kampuni akaamua kumlipa kutoka mfukoni mwake. Kelele zinasaidia.

Fulana Nyekundu
Zinasaidia ukiwa askari mwenye saratani na magazeti nyuma yako. Mimi nilipiga kelele nikaletewa mlinzi.

Dada wa Bima
Kateni bima ya safari, mtaacha kulia. Ila someni maandishi madogo. Ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kukata bima, nyingi hazilipi. Na daktari akuone KABLA hujaghairi safari. Ukighairi Jumatatu ukaenda kwa daktari Jumatano, wanakuambia uliamua mwenyewe.

Mzee wa Pozi
Mimi nilikata bima. Walisema shinikizo la damu nilikuwa nalo tangu zamani. Nikawaambia nililipata niliposoma masharti yao.

Chausiku
Mliokatia kwa wakala wa mtandaoni mko wapi? Nilivunjika mguu. Kampuni inasema rudi kwa wakala, wakala anasema ongea na kampuni. Nilipigwa danadana siku nne. Mwisho nililipa faini ya kampuni NA ada ya wakala. Tangu hapo nakata kwa kampuni yenyewe, hata ikizidi kidogo.

Yupo Kaunta
Ngoja niwape ya bure, halafu Kizibo aendelee kunitukana. Ghairi au sogeza kabla ndege haijaruka, hata kama huna barua bado. Usipotokea bila taarifa, tiketi nyingi hupoteza thamani yote, na safari ya kurudi hufutwa humo humo. Ukishaghairi mapema, hata kwenye tiketi isiyorudishwa omba zile kodi za uwanja na za serikali, mara nyingi hurudishwa, lakini hakuna atakayekukumbusha. Barua ya daktari iwe na tarehe za kutosafiri, si "mgonjwa apumzike". Na usianze na hasira. Anza na namba ya bukingi.

Jirani Mwema
Mimi nasema anza na hasira. Wapole tunaonewa.

Kizibo
Yupo Kaunta, leo nimekuelewa. Mgomba nimeuondoa, mbuzi abaki.

Mama wa Wawili
Samahani kuingilia. Nina ndege kesho saa kumi na moja alfajiri, mwanangu wa mwisho ana homa tangu jana na leo ametoka vipele mwili mzima. Daktari tutamwona saa mbili usiku. Nisubiri barua au nighairi sasa hivi?

Nesi wa Zamu
Vipele na homa, usimpeleke uwanjani dada. Muwahishe kwa daktari, saa mbili mbali. Watoto wengine wakae mbali naye kwanza.

Dada wa Bima
Una bima? Kama unayo, subiri daktari kwanza!

Yupo Kaunta
Kama huna, piga sasa. Barua itafuata.

Mama wa Wawili
Sina. Nimepiga, muziki unaimba. Wanasema mimi ni wa tisa kwenye foleni.

Kimya Kingi
Mama, akipokea mtu, uliza jina lake uandike. Na saa.

Mama wa Wawili
Kalamu ninayo. Sasa ni wa sita.