Mrejesho: mipaka ya latitudo na longitudo ya vigae vya ramani

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Kwa aliyepitwa: niliuliza namna ya kupata mipaka ya eneo, ili programu itengeneze vigae (vipande vya picha za mraba vinavyounganishwa kuwa ramani) vya eneo hilo tu badala ya dunia nzima. Pia vigae vyangu vilikuwa vinajipanga juu chini.

Kumbe ni namba nne tu: longitudo ya magharibi, latitudo ya kusini, longitudo ya mashariki, latitudo ya kaskazini. Nilizipata OpenStreetMap, sehemu ya kuhamisha data: unachora mstatili, namba zinatokea pembeni. Angalieni mpangilio, maana zipo programu zinazotanguliza latitudo, na hapo ramani inaweza kukuhamia bara jingine.

Kupata namba ya kigae kutoka longitudo ni hesabu nyepesi. Jumlisha 180, gawanya kwa 360, zidisha kwa 2 kipeo cha kiwango cha kukuza (zoom), kisha tupa desimali. Kwenye kiwango cha 6, longitudo 30 inaangukia safuwima ya 37. Ya latitudo ina tanjiti na logi ndani yake. Hiyo niliiachia programu. Ila vigae hivi hutumia ramani ya Mercator (namna ya kuchora dunia ya mviringo kwenye bapa), nayo inaishia latitudo 85.0511, kaskazini na kusini. Ukiweka 90, hesabu inagoma.

Mdau aliyehisi TMS (mfumo mmojawapo wa kuvipa vigae namba) ndiyo inayopindua vigae vyangu alilenga penyewe. TMS huhesabu mistari kuanzia kusini, mfumo mwingine wa XYZ kuanzia kaskazini, hivyo kwenye kiwango hichohicho cha 6 (mistari 0 hadi 63) mstari wa 10 unakuwa wa 53.

Kilichobaki ni nafasi ya diski. Kila kiwango kinazidisha vigae takriban mara nne, kwa hiyo nimeishia 14.