Heroe wanatoka weusi Ziwa Natron: nirekebishe nini kupata mandhari meupe nyuma yao?

Msafiri_wa_Monduli (mwanzisha uzi)

Wakuu habari. Naombeni ushauri wa kitaalamu. Natumia Nikon D7500 na lenzi ya 200-500mm f/5.6. Nataka heroe mdogo (flamingo) akiwa angani na nyuma yake pawe peupe tupu: magadi, maji yanayong'aa, au anga la mawingu mepesi. Kila fremu ndege anatoka kama kivuli, uwaridi hauonekani, na hilo anga lenyewe si jeupe, ni kijivu.

Data za fremu moja: saa nne asubuhi, upande wa Ngare Sero (kijiji cha kusini-magharibi mwa ziwa) nikiangalia ziwani, mode A (nachagua tundu, kamera inachagua shata), f/5.6, 1/3200, ISO 100 (Auto ISO, shata ya chini 1/2000), mita ya matrix (inapima fremu nzima), fidia ya mwanga 0. Nikivuta vivuli kwenye kompyuta, chini ya mabawa panajaa chenga. Nianzie wapi?

Fundi_Shata

Mkuu, jibu limo kwenye namba zako. Jua likiwa wazi, kanuni ya zamani ni f/16 na shata iwe moja gawanya kwa ISO. Kwa ISO 100 hiyo ni 1/100. Ukifungua hadi f/5.6 unafika 1/800. Kamera imekupa 1/3200. Stopu mbili nzima pungufu (kila stopu ni nusu ya mwanga)! Na haijaharibika: mita haijui kama kilicho mbele yake ni cheupe, kila kitu inakivuta kiwe kijivu cha kati.

Hamia M (unapanga tundu na shata mwenyewe), zima Auto ISO. Mwanga unaomwangukia ndege haubadiliki eti kwa kuwa ametoka mbele ya mlima akaingia mbele ya anga. Kilichobadilika ni nyuma yake tu. Jua likiwa mgongoni kwako, anza na 1/2500, f/6.3, ISO 400. Kabla hawajaruka, weka mita ya spoti (inapima sehemu ndogo tu), lenga gamba la magadi jeupe linalopigwa na jua lilelile, zungusha hadi mita isome +2, kisha piga moja ya majaribio. Gamba lenye wekundu wekundu liache, litakudanganya. Wingu likipita mbele ya jua, pima upya.

Na ile mita ya kulinda sehemu angavu usiiguse kwa kazi hii. Inalinda anga, ndege anazidi kuwa mweusi.

Mzee wa Fremu

Sikubaliani na kuzima Auto ISO moja kwa moja. Siku ya mawingu yanayokuja na kuondoka, M pamoja na Auto ISO na fidia ya +1.7 inafanya kazi, vidole vinabaki kwenye zumu.

Fundi_Shata

Inafanya kazi mradi ndege abaki mbele ya anga. Natron heroe anaruka mbele ya miteremko myeusi ya Ol Doinyo Lengai, sekunde mbili baadaye yuko mbele ya wingu. Kwa fidia hiyohiyo, kule mlimani ataungua (atapauka kwa mwanga kuzidi). Kama mandhari ni ya aina moja, sawa, tumia.

Yangeyange

Kuna mtego wa heroe hasa ambao haujatajwa: chaneli nyekundu. Manyoya mekundu ya bawa hujaza nyekundu mapema, wakati histogramu (grafu ya mwanga) ile moja nyeupe bado inaonyesha nafasi upande wa kulia. Ukikuta bawa limekuwa bapa la rangi moja bila mistari ya manyoya, ndicho kilichotokea. Fungua histogramu ya RGB (nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake), uangalie nyekundu peke yake. Ikigonga ukuta wa kulia, pandisha shata theluthi ya stopu hadi iachie.

Kumbuka histogramu ya kamera inatokana na JPEG hata ukipiga RAW (faili ghafi). Weka Picture Control kwenye Flat ili isikutishe bure. Anga likiwaka alama za kuungua, liache liwake, ndilo unalolitaka. Shingo na mgongo wa ndege visiwake.

Kusi_na_Kaskazi

Mnahangaika na kamera, mimi naona saa nne asubuhi ndilo tatizo. Ukiwa Ngare Sero ziwa liko kaskazini na mashariki yako, kwa hiyo asubuhi unapiga kuelekea jua. Tumbo na ubavu unaouona wewe ndio ulio kivulini. Hapo hata namba za Fundi hazitoshi, ongeza stopu moja hadi moja na nusu, na anga litafutika kabisa.

Nenda alasiri, kuanzia saa tisa na nusu. Jua liko nyuma yako, ila usijivute, kwa sababu ukingo wa Bonde la Ufa uko magharibi na jua hujificha nyuma yake kabla ya machweo yenyewe.

Halafu angalia ndege yuko juu ya nini. Akipita juu ya gamba jeupe, mwanga unaruka kutoka chini na kujaza chini ya mabawa, unaanza kuona wekundu na ule ukingo mweusi wa bawa. Akipita juu ya maji yenye kina au tope, zawadi hiyo haipo. Chagua pa kusimama kwa kuangalia ardhi kwanza. Kisha upepo: heroe hukimbia na kupaa akiukabili, hivyo upepo ukiwa mgongoni kwako anakuja usoni. Usiwakimbize waruke; wasubiri wahame wenyewe.

Mvuke wa joto nao hauna dawa ya lenzi. Magadi yakishapata moto, ndege wa mita 200 anatoka kama yuko chini ya maji hata shata iwe 1/4000. Piga walio karibu, au walio juu kabisa ya upeo.

Binti_Pangani

Fokasi kwa ufupi: AF-C (fokasi inayomfuata ndege), eneo la kundi (pointi kadhaa pamoja), swichi ya lenzi kwenye ∞–6 m. Mbele ya weupe mtupu lenzi hutangatanga kwa sababu haina cha kushika. Weka pointi pale bawa jeusi linapokutana na mwili. Fungia fokasi mapema kwenye kitu cha umbali huohuo.

Msafiri_wa_Monduli

Nashukuru sana wakuu. Swali la mwisho: nataka kuichapa kubwa. Anga liwe 255 kabisa (weupe wa mwisho)?

Yangeyange

Hapana. Kwenye faili la kuchapa lishushe hadi 245 au 250, la sivyo karatasi inabaki tupu na ukingo wa picha haujulikani. Angalia pia mstari wa zambarau pembeni mwa bawa, uondoe kwenye programu. Na kabla ya safari piga anga tupu kwa f/16 uone madoa ya vumbi kwenye sensa, maana kwenye mandhari meupe yataonekana yote. Kule ziwani usibadilishe lenzi. Vumbi la magadi huharibu vifaa, kwa hiyo miguu ya tripodi ioshe kwa maji yasiyo na chumvi jioni hiyohiyo, na bodi ya kamera uifute kwa kitambaa chenye unyevu, si kikavu.